Mtoto anaimba maumbo yote ila ukimuonyesha hayajui, tatizo ni nini?

"Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 4 na miezi 5, yuko chekechea. Wimbo wa maumbo anauimba wote kuanzia duara mpaka nyota bila kukosea, hata babu yake ameshaimbiwa kwenye simu. Shida ni nikimuonyesha mstatili anasema mraba, na pembetatu ya kwenye chati anaijua lakini nikimchorea mwenyewe anasema mlima, juzi kasema sambusa. Ticha wake ameniambia mtoto hajui maumbo, kashauri tuisheni ya jioni. Shuleni wanaimba Kiingereza, nyumbani mimi namuimbia Kiswahili, labda ndo namchanganya? Chati nimebandika ukutani na vidio za maumbo namuwekea kila siku. Je, nyimbo hazifai au mwanangu ana shida?"

Marahaba dada yangu. Humo ndani kuna maswali kama manne, ngoja nianze na hilo linalokunyima usingizi: kwa ulivyoeleza sioni mtoto mwenye shida, naona mtoto wa miaka minne. Na nyimbo zinafaa, tena sana tu, ila huo wimbo umeshafanya kazi yake ukamaliza, sasa wewe na ticha mnaudai kazi nyingine ambayo wimbo peke yake hauiwezi, kwa mwanao wala kwa mtoto wa jirani.

Maneno yakishawekewa mapigo, sauti na vina yanashikana, neno moja linavuta la mbele yake. Ndo maana mtu mzima anaweza asikumbuke alichokula juzi lakini wimbo wa darasa la kwanza akauimba mwanzo mwisho. Kinachokaa kichwani pale ni mnyororo. Jiulize wewe mwenyewe herufi gani inatangulia N, wengi wetu tunaanza kuimba chini chini kutoka A. Sasa na mwanao ndo hivyo hivyo, anajua baada ya duara unakuja mraba, baada ya mraba pembetatu, na hiyo sio hasara hata kidogo, majina yameshakaa mdomoni, anayatamka, hayamtishi tena, kuna watoto bado wanapambana na kutamka "mstatili" wenyewe. Ila ili jina likae juu ya kitu, inabidi ile sekunde anayosikia "mstatili" macho yake yawe kwenye mstatili, na vidole ikiwezekana viwe vinaugusa. Sasa piga picha darasa la watoto arobaini wanaimba kwa nguvu zote, macho kwa ticha au kwa mwenzake anayemkanyaga mguu, wimbo unapitia maumbo sita ndani ya nusu dakika, hapo majina yanapita mbio na hakuna umbo lililoangaliwa.

Unaweza kupima mwenyewe leo jioni. Muimbie ule ule wimbo lakini anza na nyota, halafu ruka ruka. Akikwama, au akakukatalia "sio hivyo mama!", ujue mtoto ana wimbo na maumbo bado yako njiani. Usimcheke na usimwambie hajui.

Sasa tuje kwenye sambusa, maana hapo ndo mtoto alinifurahisha. Kulikuwa na mke na mume Uholanzi, walimu wa hesabu, Dina na Pierre van Hiele, mwaka 1957 walieleza hatua ambazo mtu anapitia mpaka aelewe jometri. Hatua ya mwanzo kabisa ni hiyo aliyopo mwanao: mtoto analiona umbo zima kwa pamoja na analifananisha na kitu anachokijua, hahesabu kona na wala pande hana habari nazo. Kwahiyo alivyosema mlima, kwa upande wake kajibu vizuri kabisa, kaangalia, kalinganisha na kitu, kakupa jina. Hajui tu kwamba wewe ulikuwa unauliza habari za kona. Hatua inayofuata ni kuona kwamba mlima, sambusa na ile ya kwenye chati zote zina kona tatu kwahiyo ni kundi moja, na hao van Hiele walisisitiza kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, kwamba mtu hapandi hatua kwa sababu umri umesogea, anapanda kwa anavyofundishwa. Kwa mtoto wa umri huu maana yake ni kushika vitu na kuongea na mtu.

Na mstatili kuitwa mraba, hapo wala usijisumbue. Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani Douglas Clements na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa kuanzia miaka mitatu na nusu hadi karibu saba waliopewa karatasi zenye maumbo mchanganyiko wachague. Duara karibu wote waliipata, mraba wengi waliupata, pembetatu ikashuka hadi kama asilimia 60 hivi, na mstatili ulikuwa wa mwisho, waliupata zaidi kidogo ya nusu. Yaani mwanao kakwama palepale wanapokwama wenzake, na kati yao wapo waliomzidi umri mpaka miaka miwili.

Chati yako nadhani naijua hata bila kuiona. Pembetatu moja, pande zote sawa, imekaa kitako, ncha juu katikati. Mraba mmoja umekaa vizuri. Mstatili mmoja umelala. Mtoto akiangalia picha hiyo moja kila siku anahitimisha kwamba kukaa kitako ni sehemu ya kuwa pembetatu, sasa wewe ukimchorea nyembamba au iliyoinama anaikataa, na ana haki ya kuikataa maana hakuna aliyewahi kumuonyesha kwamba hiyo nayo imo. Vidio ndo zinaongeza tatizo kwa njia ambayo mtu hategemei. Katuni nyingi za maumbo zinaweka macho na mdomo kwenye pembetatu, ikishakuwa na uso basi ina juu na chini, ukiigeuza mtoto anaona imesimama kichwa, imeharibika. Kuna jingine pia, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ndo vizuri zaidi. Sikwambii utupe simu. Nakwambia vidio haimuoni mtoto anaangalia wapi, haisubiri, na akisema mlima haimuulizi kwa nini.

Chati usiibandue, bandika na nyingine pembeni mliyochora nyie wawili, pembetatu za kila aina, nene, nyembamba kama mwiba, iliyolala, iliyoelekea chini, kubwa, ndogo ya kuficha na kidole.

Sasa wimbo tunaufanyaje. Mimi napenda wimbo mmoja umbo moja, mistari miwili inatosha, na uwe na mahali pa kusimama ili mkono ufanye kitu. Na uendane na mapigo ya lugha. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, duAra, mRAba, pembeTAtu, mstaTIli, sasa ukichukua wimbo wa kigeni ukapachika maneno yetu juu ya sauti yake unakuta mtoto analazimishwa kuimba "DUara" na neno linatoka limevunjika mguu. Ni rahisi zaidi kutunga chako. Mizani nane nane kama mashairi yetu yalivyo inakaa vizuri na makofi. Huu hapa wa pembetatu nilioutunga, uchukue ubadilishe utakavyo:

Nina pembe zangu tatu, moja mbili na ya tatu,
Nigeuze chini juu, bado mimi pembetatu.

Mpe pembetatu ya boksi mkononi (boksi la sabuni linatosha, kata na mkasi). Kwenye "moja mbili na ya tatu" anagusa kona moja moja kwa kidole, usimkimbize, kidole kikichelewa na wimbo usubiri. Kwenye "nigeuze" anaigeuza kweli. Huo mstari wa pili ndo dawa ya ile chati, maana mkono wake mwenyewe umeigeuza na jina halikubadilika. Kesho mpe nyembamba, imbeni ule ule. Keshokutwa kubwa. Wimbo unabaki ule ule ila kitu mkononi kinabadilika, ndo siri yote ilipo hapo. Wengi tunafanya kinyume, picha ile ile kila siku na nyimbo mpya kila wiki.

Duara nayo:

Sina pembe, sina kona, kidole kinateleza,
Pita pote utaona, mimi duara nacheza.

Hapa kidole kinazunguka ukingo wa kifuniko cha sufuria, sahani, ungo, bangili, chochote. Mkitoka duara kwenda pembetatu siku hiyo hiyo mtoto anasikia tofauti kwenye kidole, huku kinateleza, kule kinagota. Hapo ndo anaanza kuziona kona, mwanzoni anazipata kwa kidole kabla ya macho.

Kama kuna watoto wengine nyumbani au jirani, tafuta kamba kama mita nne hivi, funga fundo iwe kitanzi. Watoto watatu waingie ndani, kila mmoja aiweke mgongoni kiunoni arudi nyuma mpaka ikaze. Tayari wamekuwa pembetatu. Sasa imbeni na mmoja asogee, umbo linarefuka, linainama, linakuwa la ajabu, na bado ni pembetatu, haiwezi kuwa kitu kingine maana kona ni watu watatu. Aingie wa nne. Hapo watoto wanapiga kelele wenyewe bila kufundishwa. Kazi yako ni kuuliza tu, tuko kona ngapi sasa, akitoka mmoja tutakuwa nani. Nimewapa walimu mchezo huu hata wenye madarasa makubwa, watoto wanapokezana kwenye kamba na waliobaki wanaimba na kupiga makofi, na yule mtoto mkimya ambaye kwenye wimbo wa ubaoni hasikiki unamkuta ndo anaelekeza wenzake nani asogee wapi.

Mchezo mwingine ni wa kukosea makusudi. Umeshika mraba, unaimba kwa kujiamini kabisa "nina pembe zangu tatu", unasubiri. Akikubali, muimbe tena polepole na vidole kwenye kona. Akikukatalia muulize umejuaje. Jibu la "kwa sababu ni mraba tu" ni hatua ya kwanza bado, jibu la "ziko nne!" mtoto kavuka mto. Baadaye mchanganyie na vya uongo vinavyofanana, chora kitu chenye ncha tatu ila upande mmoja umepinda kama kipande cha chapati, au mistari mitatu ambayo haijafunga. Watoto wanajifunza sana kwenye "hii kwa nini sio" kuliko kwenye "hii ndo yenyewe".

Kuhusu mraba na mstatili kuna mtego mmoja nyimbo nyingi zinauweka bila kujua. Kihesabu mraba ni mstatili ambao pande zake zote zimelingana, kona zote za mstatili ni zile zile za daftari na mraba anazo. Sasa wimbo ukisema mstatili lazima uwe na pande mbili ndefu na mbili fupi, mtoto atakuja kuambiwa kitu kingine madarasa ya juu na itabidi afute kichwani. Mtoto wa miaka minne simuelezei hayo yote, hapana, ila usimwambie kamwe "mraba sio mstatili". Akisema mstatili ni mraba mpe kigae na kiberiti, apime pande kwa kijiti kimoja, aone mwenyewe kwamba kwenye kigae kijiti kinatosha pande zote na kwenye kiberiti kuna upande kinagoma. Halafu unampa jina, hiki ni mraba, pande zote sawa. Basi, inatosha. Na ukigeuza mraba ukasimama kwa kona moja bado ni mraba, hata kama watu wanauita almasi.

Vitu vya kutafutia maumbo usinunue. Kanga, mkeka, tofali, mlango, sarafu, tairi, ile trayango nyekundu wanayoweka nyuma ya gari bovu, vibao vya tahadhari barabarani ambavyo ni pembetatu na kile cha kusimama chenye pembe nane. Bendera yetu ya Tanzania ndo naipenda kuliko vyote, yenyewe mstatili, ndani yake kuna pembetatu ya kijani juu upande wa mlingoti na ya bluu chini upande wa pili, na hakuna hata moja inayofanana na ile ya kwenye chati. Anaipita kila asubuhi shuleni.

Lugha mbili hazimchanganyi. Kona tatu ni kona tatu, akishaielewa kwa Kiswahili jina la Kiingereza linakuwa lebo ya pili juu ya kitu kile kile, ni rahisi. Kinachochosha ni mtoto kupewa lebo mbili za kitu ambacho bado hajakiona. Kwahiyo wewe endelea na Kiswahili nyumbani, lugha ambayo wewe mwenyewe unaweza kuuliza maswali na kutania, halafu muombe ticha akuandikie majina wanayotumia darasani, ukimaliza mchezo unamalizia "na shuleni mnaiitaje hii?" Akikuchanganyia lugha kwenye sentensi moja mwache, watoto wa mjini wote ndo tulivyo na hata sisi watu wazima.

Tuisheni je? Niwe mkweli, inategemea kinachofanyika humo, ila tuisheni nyingi za umri huu nilizoziona ni kukaa kwenye benchi jioni mtoto kachoka ananakili maumbo kutoka ubaoni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Kelly Fisher akiwa na Kathy Hirsh-Pasek na wenzao, waliwagawa watoto wa miaka minne na mitano makundi matatu: wengine walielezwa maumbo na mtu mzima wao wakaangalia, wengine waliachwa wacheze na vifaa vyenyewe, na wengine walicheza huku mtu mzima anawaongoza kwa maswali wagundue siri ya kila umbo. Hao wa mwisho ndo waliofanya vizuri, hasa kwenye yale maumbo ya ajabu ajabu yasiyofanana na ya kitabuni, na baada ya wiki bado tofauti ilionekana. Angalia vizuri hapo, kuacha mtoto acheze tu na vifaa peke yake hakukutosha, lazima kuwe na mtu wa kuuliza. Mtu huyo unaweza kuwa wewe, dada wa kazi, au huyo babu kwenye simu ("nitafutie kitu chenye kona nne hapo ndani, nasubiri"). Dakika kumi kabla ya kuoga zinatosha, siku mmechoka mnaruka.

Na kama ticha anasema hajui kwa sababu hawezi kuchora, hiyo ni habari nyingine kabisa, mkono na jicho vinachelewa nyuma ya kuelewa. Watoto wengi wanaweza kunakili duara wakiwa na miaka mitatu hivi, msalaba kwenye minne, mraba kati ya minne na nusu na mitano, pembetatu wakishafika mitano au kuizidi kidogo, na mraba uliosimama kwa kona unasubiri hata miaka sita, saba. Mtoto wa miaka 4 na miezi 5 ambaye pembetatu yake inatoka kama kiazi hajachelewa kitu.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usiishie kusoma maelezo kama haya, mpeleke akaonwe. Anasogeza kitabu puani, anakunja jicho moja au anainamisha kichwa ili aone, jicho linakwenda pembeni, hapo ni daktari wa macho mapema, maana jicho vivu (lile linaloona hafifu kwa sababu ubongo umezoea kutumia jingine) linatibika vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo. Masikio yanatoa usaha, unamuita kwa nyuma hageuki, au anaimba sauti ila maneno yote hayaeleweki, apimwe usikivu. Mtu asiye wa nyumbani hamuelewi akiongea, hawezi kufuata maagizo mawili kwa pamoja kama "chukua kikombe umpelekee bibi", hachezi na wenzake kabisa, au kitu alichokuwa anakiweza amekipoteza, hicho cha mwisho hasa usikisubirishe, anzia kliniki ya mtoto hospitali ya wilaya wakupe rufaa kwa daktari wa watoto. Na kama hayo yote hakuna lakini mmecheza hivi miezi mitatu minne kwa utulivu na bado hatofautishi duara na mraba kwa mkono, nenda pia, sio kwa hofu, ni kupata jicho la mtu anayemuona mtoto uso kwa uso, maana mimi namsoma tu kwenye maneno yako.

Kwa ticha nenda kwa upole, ana watoto wengi na huenda wimbo ule kaukuta tu hapo shuleni. Muulize amempimaje, kwa picha ipi, kwa mdomo au kwa kuchora, halafu mpelekee ile kamba na pembetatu zenu za boksi. Akisisitiza tuisheni muulize saa hiyo moja itakuwa ya kufanya nini, na akikwambia ni kuimba na kunakili ubaoni, mshukuru na umchukue mtoto mrudi nyumbani.